Kuchangia Xfce kwa mashine za RAM GB 4 na bando la kupimia: tuanzie wapi?

KundeMbivu

Habari za humu wakuu.

Tuko 6, wote watumiaji wa Xfce (eneo-kazi jepesi la Linux) wa siku nyingi. C tunaijua kiasi cha kusoma msimbo wa mtu mwingine, Git ya kawaida tunaimudu. Tunataka kuchangia kwenye Xfce yenyewe, si kutengeneza themu. Hali ya vifaa:

- mashine 4 zina RAM GB 4 na diski za kuzunguka, 2 zina GB 8 na SSD
- zote Debian 12, Xfce 4.18
- intaneti ni bando la simu, kila GB ina hesabu yake

Nimevuta msimbo wa Thunar (kidhibiti mafaili cha Xfce), tawi la master, nikaendesha `meson setup build`. Imegoma hapa:

`Dependency libxfce4ui-2 found: NO. Found 4.18.2 but need: '>= 4.21…'`

Maswali yangu. Je, ni lazima tujenge Xfce nzima ili kugusa programu moja? Nikisakinisha toleo langu, eneo-kazi ninalofanyia kazi halitavurugika? Na watu 6 tugawane vipi, maana kila mtu anataka kuandika msimbo na tafsiri hakuna anayeitaka. La mwisho: tumeona maombi ya kuunganisha msimbo (merge request) yaliyokaa miezi bila kuguswa. Hilo linaepukwaje?

---

nyundo_ya_msimbo

Mkuu, amri hujakosea. Umeanzia tawi ambalo mashine yako haina vifaa vyake.

Kwenye Xfce namba ya pili ikiwa shufwa (4.18, 4.20) hilo ni toleo imara. Ikiwa witiri (4.19, 4.21) ni toleo la maendeleo. Master ya Thunar inadai maktaba za mzunguko huohuo wa maendeleo, na Debian 12 imebaki na za 4.18. Huo ndio mgongano unaouona, wala si hitilafu.

Njia nyepesi kuliko zote ni kupandisha mashine ziende Debian 13, ambayo ina Xfce 4.20, kisha mjifunzie kwenye tawi imara:

```
sudo apt build-dep thunar
git clone --filter=blob:none https://gitlab.xfce.org/xfce/thunar.git
cd thunar
git switch xfce-4.20
./autogen.sh --prefix=$HOME/xfce-dev --enable-debug=yes
make -j2
make install
```

Hapo hujengi maktaba hata moja, zote zinatoka kwenye vifurushi vya Debian. `autogen.sh` inahitaji pia kifurushi cha xfce4-dev-tools, kisipokuwepo itakulalamikia.

Hiyo `--filter=blob:none` msiiache kwa sababu ya bando. Inaleta historia yote ya komiti (mabadiliko yaliyorekodiwa na Git), ila yaliyomo kwenye mafaili ya zamani yanakuja pale tu utakapoyahitaji. Watu wengi hukimbilia `--depth 1`, halafu siku wakitaka `git blame` wajue mstari fulani uliwekwa kwa sababu gani, wanakuta historia imekatwa.

Njia ya pili, ambayo mtaihitaji mkianza kutuma viraka (mabadiliko yenu ya msimbo), ni kujenga master pamoja na maktaba zake. Bado si Xfce nzima. Kwa Thunar mpangilio ni huu, na usiuruke: xfce4-dev-tools, libxfce4util, xfconf, libxfce4ui, ndipo thunar. Ya kwanza haina dirisha wala kitufe, lakini ndani yake mna zana ndogo kama `xdt-csource` ambazo nyingine huziita wakati wa kujengwa. Ukitaka paneli, ongeza garcon na libxfce4windowing kabla ya xfce4-panel.

Miradi ya msingi imekuwa ikihamia Meson baada ya 4.20. Kwa hiyo ukikuta `meson.build`:

```
meson setup build --prefix=$HOME/xfce-dev --libdir=lib --buildtype=debugoptimized
meson compile -C build -j 2
meson install -C build
```

`--libdir=lib` ni ya Debian na jamaa zake. Usipoiandika, Meson inatupa maktaba kwenye `lib/x86_64-linux-gnu`, pkg-config (zana inayotafuta maktaba) wewe umeielekeza `lib/pkgconfig`, na mradi unaofuata utakuambia libxfce4util haipo ilhali umeisakinisha dakika mbili zilizopita. Hili linakula muda wa watu kuliko kosa lolote la C.

Mazingira yawekeni kwenye faili lake, mfano `~/xfce-dev/washa.sh`:

```
export PREFIX=$HOME/xfce-dev
export PATH=$PREFIX/bin:$PATH
export PKG_CONFIG_PATH=$PREFIX/lib/pkgconfig
export LD_LIBRARY_PATH=$PREFIX/lib
export ACLOCAL_PATH=$PREFIX/share/aclocal
export XDG_DATA_DIRS=$PREFIX/share:/usr/local/share:/usr/share
export XDG_CONFIG_DIRS=$PREFIX/etc/xdg:/etc/xdg
```

Kisha `source ~/xfce-dev/washa.sh` kwenye teminali ya kazi tu. Msiweke haya kwenye `.profile` wala `.bashrc`. Ukiyaweka huko, siku maktaba yako ikiwa imevunjika utaingia kwenye akaunti ukute skrini tupu, maana hata Xfce ya mfumo itabeba maktaba zako. ACLOCAL_PATH ni kwa miradi iliyobaki kwenye autogen. Ikikosekana utaona `possibly undefined macro` ikifuatiwa na neno linaloanza na XDT.

RAM ya GB 4 inatosha. Xfce ni C na GTK 3 (maktaba ya kuchora madirisha na vitufe), faili moja likijengwa halifiki hata nusu GB. Bakini na `-j2` na mfunge kivinjari. Sakinisheni pia `ccache`, hasa kwenye hizo diski za kuzunguka: kuruka tawi hadi tawi bila hiyo ni kujenga upya kila kitu.

---

pwani_root

Naongezea swali la kuvurugika, maana mwenzangu amejibu nusu.

Ukisakinisha kwenye `$HOME/xfce-dev` mfumo hauguswi. Kinachowachanganya wageni ni kinyume chake: wanajenga toleo jipya, wanaliendesha, na mabadiliko yao hawayaoni. Thunar huwa inabaki ikiendelea nyuma ya pazia. Ukiita `thunar` ya pili, inaikuta ya kwanza kupitia D-Bus (njia ambayo programu huongea zenyewe kwa zenyewe), inaikabidhi kazi, halafu yenyewe inajifia. Dirisha linalofunguka ni la toleo la zamani. Kwa hiyo kila mara:

```
thunar -q
~/xfce-dev/bin/thunar
```

Ukitaka uhakika wa maktaba iliyobebwa: `ldd ~/xfce-dev/bin/thunar | grep xfce`. Ukiona njia inayoanza na /lib au /usr/lib pale ulipotarajia ya nyumbani kwako, hukuwasha lile faili la mazingira.

Programu nyingine zina ukaidi wao. Msimamizi wa madirisha unambadilisha papo hapo kwa `xfwm4 --replace`. Paneli unaifunga kwa `xfce4-panel -q` ndipo uendeshe yako, na `PANEL_DEBUG=1` ikitangulia mbele itakumwagia maelezo ya kila programu-jalizi inayopakiwa.

Kwa majaribio ya kikao kizima tumieni Xephyr, yaani skrini ndani ya dirisha. Kifurushi ni `xserver-xephyr`:

```
Xephyr :5 -screen 1280x720 &
export DISPLAY=:5
export XDG_CONFIG_HOME=/tmp/xfce-jaribio
dbus-run-session xfce4-session
```

Mistari yote minne ina kazi. Bila `dbus-run-session`, programu zako za majaribio zitaongea na zile za kikao kikuu, na tumerudi palepale pa Thunar. Bila XDG_CONFIG_HOME tofauti, kikao cha majaribio kitaandika kwenye `~/.config/xfce4` yako halisi, na asubuhi utakuta paneli imehamia upande wa pili wa skrini.

Jambo moja kuhusu gdb, zana ya kusimamisha programu na kuikagua ndani. Ukiweka kituo cha kusimama ndani ya msimbo wa menyu, programu inasimama menyu ikiwa wazi, na menyu iliyo wazi inakuwa imekamata kipanya na kibodi. Mashine inaonekana imeganda. Haijaganda: bonyeza Ctrl+Alt+F2, ingia, kisha `pkill gdb`. Ukifanyia ndani ya Xephyr huku gdb ikiwa nje, balaa hilo halikupati.

---

sokwe64

Sielewi kwa nini watu 6 wenye nguvu wakajifungie kwa mradi mdogo. KDE Plasma, eneo-kazi jingine la Linux, ina watu wengi zaidi, na `kde-builder` inajipangia vitegemezi yenyewe: unaandika `kde-builder kcalc`, inavuta kila kitu, msimbo unakaa `~/kde/src`, usakinishaji `~/kde/usr`. Hakuna cha kukumbuka libxfce4nini inatangulia.

---

nyundo_ya_msimbo

@sokwe64 kde-builder ni zana nzuri kweli, na kama wangekuwa na mashine za GB 16 na waya wa faiba ningewaambia waende huko. Lakini hiyo kcalc yako inavuta pia rundo la maktaba za KDE Frameworks, zote C++ juu ya Qt. Mchakato mmoja wa kukompaili C++ ya Qt unaweza kula zaidi ya GB 1. Kwenye mashine ya GB 4 yenye diski ya kuzunguka utaanza kuona kumbukumbu ikimwagikia diski, na hapo saa zinaenda. Bando sitaji.

Udogo wa Xfce una faida nyingine. Olivier Fourdan aliianza 1996 kwa maktaba ya XForms, 1999 ikaandikwa upya kwa GTK, na mpaka leo imegawanyika katika vipande ambavyo mtu mmoja anaweza kukisoma kimoja akakimaliza. Xfconf (kipande kinachotunza mipangilio) nzima unaipitia wikendi mbili. KWin, msimamizi wa madirisha wa KDE, huipitii.

Udogo huohuo ndio unaojibu swali la maombi yanayokaa miezi. Toleo la 4.12 lilitoka Februari 2015, la 4.14 likatoka Agosti 2019, kwa sababu kazi ya kuhamia GTK 3 ilibebwa na watu wachache wanaofanya usiku baada ya kazi zao. Sasa wanatoa toleo kila miaka miwili hivi: 4.16 Desemba 2020, 4.18 Desemba 2022, 4.20 Desemba 2024. Vipande kadhaa vina msimamizi mmoja tu.

---

pwani_root

Basi tuingie kwenye ombi la kuunganisha.

Kinachokosekana huko ni muda wa kupitia viraka, waandishi wapo. Kiraka cha mistari 15 chenye maelezo kamili msimamizi anakipitia akinywa chai. Kiraka cha mistari 600 kinachoongeza kipengele ambacho hakuna aliyekiomba kinasubiri siku ambayo hatakuwa na kazi nyingine, na siku hiyo haiji.

Kabla ya kuandika chochote, nendeni kwenye ripoti za hitilafu za gitlab.xfce.org. Nyingi ni za zamani zilizohamishwa kutoka Bugzilla, mfumo wa ripoti wa awali, mwaka 2020, na hakuna anayejua kama bado zipo. Chukueni ripoti 5 kila mtu, mjaribu kuzizalisha kwenye 4.20 na kwenye master, muandike: toleo (`thunar --version`), hatua moja moja, kilichotarajiwa, kilichotokea. Kama haizaliki, semeni haizaliki na mlijaribuje. Kama inaanguka, wekeni mfuatano wa miito:

```
thunar -q
G_DEBUG=fatal-criticals gdb --args ~/xfce-dev/bin/thunar
(gdb) run
(gdb) bt full
```

`fatal-criticals` inaifanya programu isimame kwenye onyo la kwanza zito la GLib (maktaba iliyo chini ya GTK) badala ya kuendelea na kuanguka mbali na chanzo. Mara nyingi kosa halisi liko hapo kwenye onyo, na pale inapoangukia ni matokeo tu.

Kazi hii inawapa vitu viwili: msimamizi anaanza kuwajua, na ninyi mnajua hitilafu zipi ni ndogo. Ya kwanza mkitaka kuitengeneza, andikeni kwanza chini ya ripoti yenyewe mnavyokusudia kuitengeneza. Sentensi mbili zinatosha. Akisema "sivyo, anzia kwingine", mmeokoa wiki.

Kiraka chenyewe: tawi moja, jambo moja. Ukikuta nafasi zimepangwa ovyo jirani na mstari wako, ziache. Kuzinyoosha ndani ya kiraka kilekile kunaficha badiliko halisi. Kama kuna faili la `.clang-format`, lifuate kwa mistari yako tu. Kiraka kinaenda master. Msimamizi akiona kinafaa 4.20 atakihamishia mwenyewe.

Akiomba marekebisho, usiongeze komiti za "nimerekebisha tena". Fanya hivi:

```
git commit --fixup <komiti>
git fetch origin
git rebase -i --autosquash origin/master
git push --force-with-lease <jina-la-nakala-yako>
```

`--force-with-lease` na wala si `--force` tupu, hasa kama mko wawili kwenye tawi moja. Ile ya kwanza inakataa kusukuma kama mwenzako ameshaweka kitu ambacho hujakiona.

Ukimya ukifika wiki tatu, uliza mara moja, kwa upole, kwenye ombi lenyewe. Usifungue ombi jipya, usimtumie msimamizi ujumbe binafsi. Chumba cha wasanidi ni #xfce-dev kwenye Libera.Chat: uliza swali lako moja kwa moja bila "hi, kuna mtu?", kisha baki chumbani. Wengi wako Ulaya, mchana wako kazini, jibu linaweza kuja saa tano usiku. Na kitufe cha Fork kikikukatalia, uliza humohumo. Seva nyingi za GitLab za miradi huria zinabana akaunti mpya kwa sababu ya spamu.

Kabla ya komiti ya kwanza chagueni anwani ya barua pepe. Inakaa kwenye historia ya Git hadharani na haifutiki.

---

Bi_Kamusi

Salaam. Mmeongea yote, ila tafsiri mmeipita kama matuta ya barabarani.

Ndugu KundeMbivu, hiyo tafsiri isiyotakiwa na mtu ndiyo kazi ambayo mgeni kutoka nje hawezi kuwafanyia. Na si kazi nyepesi kama mnavyodhani. Nawapa mfano mmoja wa karibu: menyu ya Thunar.

Herufi yenye mstari chini yake kwenye menyu, ile unayoibonyeza pamoja na Alt, inaandikwa kwa alama ya chini kabla yake. Haya, tafsirini: Faili, Fungua, Funga, Futa, Folda mpya. Zote F. Ndani ya menyu moja, vitu viwili vikiwa na herufi ileile, GTK haichagui kimoja. Inaruka kutoka kimoja hadi kingine kila ukibonyeza, na anayetumia kibodi pekee anakosa njia ya mkato. Zigawe hivi: `F_ungua`, `Fun_ga`, `Fu_ta`, `Un_da folda`. `_Faili` inaweza kubaki na F yake kwa sababu iko kwenye mwambaa wa juu, ngazi nyingine kabisa.

Tena hiyo Fungua na Funga zinatofautiana herufi moja, na zinakaa jirani. Na Funga ni ya dirisha au ya kufunga skrini kwa nywila? Someni `msgctxt` (mstari wa muktadha) na maoni ya msanidi juu ya kila tungo, yaani kila kipande cha maandishi cha kutafsiri. Isipoeleweka, fungueni msimbo mtazame inatumika wapi. Hapo ndipo C yenu itakapofaa.

Pili, ngeli. `%s` ni tundu, hujui kitakachoingia. Ukiandika `"%s" imefutwa`, likiingia folda ni sawa, ukitaka kusema kipengee unakosea. Zipo dawa mbili. Ya kwanza ni kulitanguliza jina: `Faili "%s" limefutwa`, ikiwa una hakika ni faili. Ya pili ni kutumia kitenzi kisicho na mwenyewe:

```
msgid "Failed to open \"%s\""
msgstr "Imeshindikana kufungua \"%s\""
```

Hapo lolote liingie, sentensi inasimama.

Wingi kwa Kiswahili una maumbo mawili, na kichwa cha faili kiwe na `nplurals=2; plural=(n != 1);`. Nambari inafuata nomino:

```
msgid "%d file"
msgid_plural "%d files"
msgstr[0] "faili %d"
msgstr[1] "mafaili %d"
```

Tundu zikiwa mbili na mpangilio wetu ukizigeuza, tumia `%1$s` na `%2$s`. Ukizigeuza bila namba na moja ni `%d`, programu inaweza kuanguka kabisa. Kagueni kila faili kabla ya kulipeleka:

`msgfmt -c --statistics -o /dev/null sw.po`

Tafsiri za Xfce zinapita Transifex, tovuti ya kutafsiria kwa pamoja. Msitume faili la `.po` kwa ombi la kuunganisha: yaliyomo Transifex ndiyo yanayomwagwa kwenye hazina ya Git, kwa hiyo mliloingiza kwa mkono litafunikwa. Omba kujiunga na timu ya lugha ya `sw`. Ukikosa jibu, andika kwenye orodha ya barua ya xfce-i18n.

Kuiona tafsiri ikifanya kazi: `sudo dpkg-reconfigure locales`, chagua `sw_TZ UTF-8` au `sw_KE UTF-8`, kisha

`thunar -q; LANG=sw_TZ.UTF-8 LANGUAGE=sw thunar`

Msishangae visanduku vya kuchagua faili vikibaki Kiingereza. Vile ni vya GTK, vina timu nyingine.

Kabla ya tungo ya kwanza, kaeni wote 6 mkubaliane istilahi 60 hivi: folda au kabrasha, mipangilio au seti, ghairi au katisha, kipanya au puku. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, uliyapitia haya miaka 20 iliyopita. Mimi ningechagua folda, maana kabrasha watu wanalijua kwa maana ya makaratasi ya kikao. Lakini baya kuliko kuchagua vibaya ni mmoja kuandika folda kwenye Thunar na mwingine kabrasha kwenye paneli.

---

KundeMbivu

Shukrani sana wakuu, na dada Bi_Kamusi nimekubali, nilidharau.

Nimebaki na mawili. Kuhusu bando: tukipandisha mashine 6 kwenda Debian 13 kila moja kivyake, tumekwisha. Tunakutana Jumamosi kwenye chumba chenye ruta, bila intaneti ya kueleweka. Pia `apt build-dep` inaniambia *You must put some 'deb-src' URIs in your sources.list*.

---

nyundo_ya_msimbo

Mashine moja yenye SSD iwe ghala. Weka `apt-cacher-ng` humo. Kwenye nyingine 5, faili la `/etc/apt/apt.conf.d/01ghala` liwe na mstari huu, namba za IP ukiweka zenu:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Kifurushi kinavutwa mara moja, wengine 5 wanakipata kwa kasi ya ruta. Ila angalieni vyanzo vyenu vianze na `http://`. Vikianza na `https://` ghala haliwezi kuhifadhi kitu. Usalama haupungui, apt inakagua sahihi za GPG kwa vyovyote. Na mtu akiondoka Jumamosi bila kulifuta faili hilo, apt yake itagoma nyumbani, kwa hiyo msipige kelele humu kwamba Debian imeharibika.

Git vilevile. Kwenye ghala, kwa kila mradi:

```
git clone --mirror https://gitlab.xfce.org/xfce/thunar.git /srv/git/thunar.git
git daemon --base-path=/srv/git --export-all --reuseaddr
```

Wengine: `git clone git://192.168.1.10/thunar.git`. Hapa hamna haja ya ile `--filter`. Mwenye ghala anaendesha `git remote update` mara moja kwa wiki ndani ya kila hazina, na hiyo ni KB chache. Kusukuma viraka kila mtu anatumia bando lake; kiraka ni maandishi, hakili kitu.

`deb-src`: Debian 12 nyingi bado zina `/etc/apt/sources.list`, nakili kila mstari wa `deb` na kuuandika tena ukianza na `deb-src`. Mashine ikiwa na `/etc/apt/sources.list.d/debian.sources` badala yake, mstari wa `Types: deb` uwe `Types: deb deb-src`. Kisha `apt update`.

Mgao ningeufanya hivi: wawili wenye SSD wajenge master na kushika viraka, wawili wakague ripoti za zamani kwenye 4.20, wawili tafsiri na Bi_Kamusi. Mbadilishane baada ya miezi miwili. Wote kwenye kipande kimoja kwanza, Thunar au xfce4-panel, msitawanyike.

---

pwani_root

Nyongeza ya kupandisha toleo: mkikuta master inadai GLib mpya kuliko iliyopo kwenye Debian 12 (2.74), msijaribu kuijenga GLib kwenye `xfce-dev`. Nusu ya eneo-kazi inaitegemea na mtaanza kufukuza hitilafu ambazo hazina uhusiano na Xfce. Debian 13 ina 2.84, ndiyo sababu kubwa ya kuhama kabla ya kuanza.

---

Bi_Kamusi

Na anayepewa tafsiri aanze na libxfce4ui na xfce4-session kabla ya Thunar. Tungo za hizo mbili ni chache, zinaonekana na kila mtumiaji kila siku: toka, zima, washa upya, ahirisha. Hiyo "ahirisha" mtabishana nayo kwanza. Wengine watataka "sinzia".